Kumbukumbu za Kikao Kuhusu Uso wa Nyakong Kwenye Vikombe vya Chai

KIJIWE CHA KISWAHILI JUBA (KKJ)

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 15 JUNI 2024, UANI KWA BI. SANYU, HAI MALAKAL, KUANZIA SAA TISA NA NUSU ALASIRI

(Kikao kiliitishwa saa nane.)

WALIOHUDHURIA
Bw. Matiya – Mwenyekiti. Muuza vipuri vya pikipiki
Bi. Chepkoech – Katibu na mwandishi wa kumbukumbu hizi
Bi. Sanyu – Mweka Hazina. Hukodisha viti, turubai na vyombo vya sherehe
Bi. Nyakong – mwanachama kutoka Gurei, mlalamikaji
Bw. Kizza – mwanachama, mchapaji wa tishati na vikombe, Nyakuron, mlalamikiwa
Bw. Yangi – mwanachama, mwendesha boda
Bw. Both – alikuwa mwanachama, akajiondoa kundini, aliletwa

MGENI MWALIKWA
Mzee Lony – baba mdogo wa Bw. Both, ndiye aliyemleta

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Owen – alituma ujumbe wa sauti kwamba yuko njiani. Nyuma ya sauti yake ilisikika televisheni.

KUMB. NA. 1/KKJ/06/2024: KUFUNGULIWA KWA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, kisha akaomba radhi kwa kuchelewa, akieleza kwamba barabara ya kutoka Nyakuron ilikuwa na matope. Bw. Yangi, aliyepita barabara hiyo hiyo na kufika mapema, aliuliza ni matope yapi. Mwenyekiti aliwaomba wanachama wazingatie shughuli iliyowaleta.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba tangu Kijiwe kianzishwe, wanachama wamekuwa wakikutana kwenye simu tu. Kila jioni hutumiana ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, wale waliokulia Kenya na wale waliotoka Uganda, kila mtu na Kiswahili alichojaliwa, na wengi hawajawahi kuonana. Alisema kikao hiki ni cha kwanza cha ana kwa ana, na kwamba amefurahi kuziona nyuso za watu aliozoea kuzisikia sauti zao.

Bi. Sanyu alisema kutokana na sauti alidhani Bw. Yangi ni mtu mrefu. Bw. Yangi alisema huambiwa hivyo.

Bi. Nyakong alisema kwa upande wake uso wake ulikwisha kuonekana na watu wengi, na wengine wameunywea chai. 

KUMB. NA. 2/KKJ/06/2024: KUPITISHA AJENDA

Mwenyekiti alipendekeza kwamba, ili watu wachangamke, kikao kianze na jambo jepesi, yaani tishati za Kijiwe za kuadhimisha mwaka mmoja. Bi. Nyakong aliuliza tishati hizo zitachapwa na nani. Bw. Kizza alitazama viatu vyake. Ajenda hiyo iliondolewa bila kupigiwa kura, na kikao kikaenda moja kwa moja kwenye malalamiko.

KUMB. NA. 3/KKJ/06/2024: MALALAMIKO YA BI. NYAKONG

Bi. Nyakong alieleza kwamba yeye na Bw. Both walifahamiana humu humu kundini, wakaelewana, na mwezi uliopita jamaa za Bw. Both wakafika Gurei, nyumbani kwa mama yake, kwa mazungumzo ya posa. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi kuliko vyombo vya nyumbani, mama yake alikodisha viti na vikombe kwa Bi. Sanyu. Vikombe vilikuja kwenye maboksi. Shangazi yake alivitoa, akavisuuza, akamimina chai, akaipeleka kwenye sinia. Hakuvitazama, kwa sababu alikuwa na haraka na maziwa yalikuwa yanataka kufurika.

Yeye mwenyewe, kama desturi inavyotaka, alikuwa chumbani akisubiri kuitwa. Alisema jambo la kwanza lililomshtua ni kimya. Wageni walikuwa wakizungumza kwa sauti, mara wakanyamaza wote. Alichungulia penye pazia, akawaona wazee wamekaa kwa safu, na kila mmoja ameshika mkononi uso wa Nyakong.

Ilikuwa picha yake ya profaili ya humu kundini, ile aliyopigwa akicheka mpaka magego yanaonekana. Chini ya picha paliandikwa kwa herufi nyekundu: ASIYEPIKA ASIPOSE.

Katibu anathibitisha kwamba maneno hayo ni ya Bi. Nyakong. Aliyasema kundini katika mjadala wa wanaume na jiko, ambao Bw. Yangi aliuanzisha na hakuweza kuumaliza.

Bi. Nyakong aliendelea kueleza kwamba Mzee Lony, ambaye hasomi Kiswahili, alimgeukia Bw. Both akamuuliza kikombe kimeandikwa nini. Bw. Both alikizungusha kikombe chake, uso ukaelekea ukutani, akajibu kwamba kimeandikwa "Karibuni wageni." Mzee mwingine, aliyewahi kuishi Kampala, alicheka mpaka chai ikampanda puani, kisha akamsomea Mzee Lony maneno yenyewe. Baada ya hapo wageni walikunywa taratibu, wakashukuru, wakaaga. Ng'ombe hawakutajwa. Kesho yake Bw. Both alijiondoa kundini na simu yake ikawa haipatikani.

Mwenyekiti alimuuliza Bi. Nyakong anadai nini. Kabla hajajibu, Bw. Kizza aliomba nafasi ya kujieleza, akapewa.

KUMB. NA. 4/KKJ/06/2024: MAELEZO YA BW. KIZZA

Bw. Kizza alisimama. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kufunga vifungo vyote mpaka shingoni, na jua lilikuwa kali. Alianza kwa kusema, "Malesh sana." Mwenyekiti aliagiza kumbukumbu ziandike "samahani". Bi. Nyakong alisema iandikwe alivyosema, kwa kuwa ndivyo alivyosema.

Alieleza hivi: "Mimi siko mwizi. Picha iko pale kwa kundi, kila mtu naona. Mimi nikasema hii ni kitu ya sisi wote."

Bi. Sanyu alimuuliza, "Kizza, mimi nguo yangu naanika hapa uani, kila mtu naona. Wewe unakuja kuvaa?" Bw. Kizza alijibu kwamba hapana, hawezi. Bi. Sanyu alisema basi.

Alipoulizwa kwa nini alichagua uso wa Bi. Nyakong, alisema biashara ya vikombe ilikuwa imedoda, na wateja wanataka kikombe chenye jambo la kuchekesha. Alisema jioni akishafunga duka hukaa peke yake, familia yake iko Masaka, na sauti ya Bi. Nyakong ndiyo inayomchekesha kabla ya kulala. Aliona na watu wengine wapate. Alichapa vichache, vikaisha. Akachapa maboksi.

Alikiri kwamba hakuwahi kumwona Bi. Nyakong kwa macho mpaka baada ya posa ile, siku alipoingia dukani kwake na kikombe mkononi. Alidhani ni mteja anayetaka kurudisha chenye ufa. Akamkaribisha, akamsifu, akamwambia kwamba anafanana sana na kikombe.

Mwenyekiti alilazimika kugonga meza mara kadhaa.

Bw. Kizza alisisitiza kwamba pamoja na yote aliomba ruhusa, tena mbele ya kundi zima. Katibu alitakiwa kuutafuta ujumbe huo kwenye simu. Ulipatikana, ukasomwa: "Jama, mimi nikiweka uso ya mtu ya kundi kwa kikombe, iko shida?" Chini yake palikuwa na dole gumba moja, limeinuliwa. Hapakuwa na jibu jingine. Dole hilo lilikuwa la Bw. Yangi.

Macho yote yalimgeukia Bw. Yangi. Alieleza kwamba siku hiyo Bw. Owen alikuwa ametangaza kundini kwamba mke wake amejifungua salama. Yeye alitaka kumpongeza, lakini alikuwa juu ya pikipiki, amesimama penye foleni, na dole likaangukia ujumbe wa chini. "Mimi nilipongeza mtoto," alisema. "Sikumpa mtu uso wa mtu."

Bi. Nyakong alisema siku hiyo simu yake haikuwa na chaji, na alipoiwasha alikuta pongezi za mtoto zimejaa kuanzia juu mpaka chini. Hakuuona ujumbe wa vikombe. Mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyeuona. Ilibainika kwamba waliuona viongozi wote watatu. Katibu aliuona na kudhani kwamba mwenye kuhusika atajibu. Bi. Sanyu aliuona na kudhani Bw. Kizza anatania. Mwenyekiti aliuona na hakujali, kwa kuwa picha yake mwenyewe ya profaili ni ya tairi.

Bw. Kizza alisema, "Sasa mimi nilijua namna gani? Niliuliza, watu wakanyamaza. Nikasema kumbe iko sawa."



KUMB. NA. 5/KKJ/06/2024: MAELEZO YA BI. SANYU NA YA MZEE LONY

Bi. Sanyu alieleza kwamba vikombe vyake vya zamani vilikuwa vinavunjwa kila harusi, na Bw. Kizza alikuwa anauza kwa jumla, kwa hiyo akachukua maboksi na kuyatia stoo bila kuyafungua. Alipoulizwa kama hata siku ya kuyatoa hakuona ni uso wa nani, alijibu, "Mimi nahesabu kikombe, siangalii kikombe. Ikirudi yote, mimi nalala." Aliongeza kwamba kioo cha simu yake kimepasuka upande ule ule unaotokea picha, na kwake yeye Bi. Nyakong amekuwa sauti tu. Alimwomba radhi Bi. Nyakong na mama yake. Radhi ilipokelewa.

Mzee Lony alipewa nafasi. Alizungumza kwa Kiarabu cha Juba, na Bw. Yangi akatafsiri.

Mzee alisema anaomba aeleweke vizuri. Kwao, mtu hali mbele ya wakwe. Yeye mwenyewe amekaa na mke wake miaka mingi na hajawahi kutafuna kitu huku mama mkwe wake akimwona. "Sasa nimekwenda kuposa," alisema. "Nimepewa chai. Nikainamisha macho chini, kwa adabu, kama nilivyofundishwa. Huko chini ndiko nikamkuta mkwe wangu. Yuko mkononi mwangu, ananitazama, anacheka. Nifanye nini? Nikinywa, mdomo wangu unamwendea. Nikiweka chini, nimekataa chai ya watu."

Hapa Bw. Yangi alishindwa kuendelea na tafsiri. Mwenyekiti alimpa onyo, na yeye mwenyewe akajifuta macho. Mzee Lony alisubiri bila kucheka, kisha akaeleza kwamba mwishowe alikunywa akiwa amefumba macho.

Alisema hata hivyo kikombe hakikumkasirisha. Chai ilikuwa nzuri. Kilichomuuma ni kwamba mwanawe alimwambia kimeandikwa "Karibuni wageni," na yeye, kama mtu mzima, alikuwa amekwisha kuinua kikombe mbele ya wote na kuwashukuru wenyeji kwa maneno mazuri waliyoyaandika. "Nimeshukuru tusi," alisema. "Na aliyenifanya nishukuru ni mtoto wetu."



KUMB. NA. 6/KKJ/06/2024: MAPENDEKEZO YA WAJUMBE

Mwenyekiti alifungua mjadala kuhusu hatua za kuchukuliwa.

Bi. Sanyu alipendekeza vikombe vyote vivunjwe. Baadaye, alipokumbuka kwamba baadhi ni vyake, alirekebisha pendekezo lake, akasema vikwanguliwe kwa steelwaya ya kusugulia sufuria. Bw. Kizza alieleza kitaalamu kwamba rangi ya mashine haikwanguki. Ukikazana, utatoa pua tu. Bi. Nyakong aliinua mkono.

Bw. Yangi alipendekeza Bw. Kizza achape vingine vyenye uso ule ule na maneno mapya, ANAYEPIKA KARIBU, kisha vipelekwe Gurei kurekebisha hali. Mzee Lony alitafsiriwa, akauliza kama ina maana atalazimika kunywa tena. Bw. Kizza alisema kazi hiyo ataifanya bure, na pia yuko tayari kumpa Bi. Nyakong fungu katika mauzo, kama bado kutakuwa na mauzo. Mwenyekiti alipendekeza kuanzia sasa kila picha inayotumika ipate kibali chenye muhuri wa Mwenyekiti. Alipoulizwa kama chama kina muhuri, alisema amekwisha kuuagiza.

Kulikuwa na mabishano marefu kuhusu kama kikombe kilichotolewa pua bado ni uso wa mtu. Bi. Sanyu alisema ni nusu. Mwenyekiti aliamua jambo hilo lipigiwe kura. Katibu alimkumbusha kwamba mkono wa Bi. Nyakong uko juu tangu suala la kukwangua. Mwenyekiti alisema, "Dada Nyakong angoje kidogo. Hii maneno ni yake, sisi tunamalizia yeye."

Bi. Nyakong alisimama bila kuruhusiwa. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyatamka:

"Kizza alichukua uso wangu bila kuniuliza. Hilo nalijua, ndilo limenileta. Sasa nimeketi hapa nawasikiliza. Mmeuvunja. Mmeukwangua. Mmeutoa pua. Mmeuandikia maneno mengine, na sasa mnataka kuupigia kura. Aki, kuna hata mmoja wenu aliyegeuka akaniuliza, Nyakong, wewe wataka nini?"

Mwenyekiti alimwomba Katibu aangalie kama swali hilo liliulizwa. Katibu aliangalia, akajibu kwamba liliulizwa mara moja, katika kipengele cha malalamiko, na mwenye kuulizwa hakuachwa ajibu.

Mwenyekiti akasema, "Hapo mimi iko na makosa." Bw. Kizza alimtazama kama mtu aliyepata mwenzake.

KUMB. NA. 7/KKJ/06/2024: SWALI LA BI. NYAKONG KWA BW. BOTH

Mwenyekiti alimuuliza Bi. Nyakong, safari hii akisubiri, anataka nini. Bi. Nyakong alisema kabla ya kufika kwenye vikombe ana swali moja, na si kwa Bw. Kizza. Mwenyekiti alisema haliko katika ajenda. Mzee Lony alisema, kupitia kwa Bw. Yangi, kwamba kama ni swali lile analolifikiria, ndilo pekee lililomtoa nyumbani. Liliruhusiwa.

Bi. Nyakong alimgeukia Bw. Both, akasema, "Kizza alinichukulia uso. Wewe ulinichukulia maneno. Mimi nilisema asiyepika asipose, wewe ukawaambia nimesema karibuni wageni. Tena ukanigeuzia ukutani. Kwa nini?"

 Bw. Both alianza kwa Kiingereza, akaacha, akaanza upya.

"Nilidhani ni wewe uliviagiza," alisema.

Bi. Nyakong alimuuliza, viagizwe na yeye, vya nini?

"Vya kunikataa. Ulipoyasema kundini nilicheka kama wenzangu, kwa sababu utani wa mdomoni ni utani. Lakini nilipoyaona yamechapwa, tena kwa rangi, kila mzee na kikombe chake, nikasema hapana, huu si utani tena, huu ni uamuzi. Nikajua umenikataa, na umechagua kunikataa mbele ya watu wangu. Nikageuza kikombe ili nisikuone ukinicheka. Hapo hapo baba ananiuliza imeandikwa nini. Ningemjibu nini? Nikasema karibuni wageni, angalau wamalize chai, tuondoke na heshima kidogo."

Bi. Nyakong alimuuliza mbona hakumpigia hata simu kuhakikisha.

Bw. Both alijibu, "Mtu akishakataliwa kwa maboksi, atauliza nini tena?"

Bi. Nyakong alisema kwamba yeye, pale nyuma ya pazia, alipomwona anageuza kikombe alidhani anaona haya. Alidhani amewaza, hawa wazee wangu wataniona na mwanamke mwenye magego haya. Na simu ilipozimwa akasema, basi, ni kweli.

Bw. Both alisema picha ile ya magego ndiyo iliyomfanya amwandikie kwa mara ya kwanza.

 Bi. Sanyu aliinuka kwenda kukaza kamba ya turubai, ingawa haikuwa imelegea. Mzee Lony alimgusa Bw. Yangi begani na kutaka atafsiriwe. Bw. Yangi alitafsiri polepole, mpaka mwisho. Mzee alimtazama Bw. Both, akasema kwa Kiarabu kwamba mtoto huyu alipokuwa mdogo alikuwa vivyo hivyo: akichomwa na mwiba, hasemi, anabadilisha njia tu.

Bw. Yangi aliomba ufafanuzi kwa faida ya kumbukumbu, akauliza kama Bw. Both anajua kupika. Bw. Both alijibu hajui. Hata chai? Chai anajua. Bi. Nyakong alisema hilo hakuwahi kuambiwa.

KUMB. NA. 8/KKJ/06/2024: MAAZIMIO

Baada ya majadiliano, ambayo safari hii yalianza kwa Bi. Nyakong kuulizwa na kumaliza kujibu, iliazimiwa kwamba uso wa mwanachama, sauti yake na maneno yake vinabaki kuwa vyake hata vikiwa kundini. Anayetaka kuvitumia kwa biashara atamuuliza mwenyewe, amtaje kwa jina, na asubiri jibu lake. Kimya cha kundi hakihesabiwi kuwa ndiyo. Kicheko vilevile, na dole gumba la mtu mwingine, hata kama lilikuwa na nia njema. Bi. Sanyu aliomba iongezwe kwamba anayeuona ujumbe wa namna hiyo na kumjua mwenye uso, amwambie. Iliongezwa. Watatu kati ya waliokubali walikuwa ndio wale waliouona.

Pendekezo la muhuri halikupata mtu wa kuliunga mkono.

Iliazimiwa pia kwamba Mwenyekiti na Bw. Kizza waende Gurei wiki ijayo kumweleza mama yake Bi. Nyakong kwamba binti yake hakuagiza vikombe, na kwamba nyumba yake haikutukana wageni. Mzee Lony alisema atakwenda nao, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshukuru, na angependa kuirudisha shukrani yake mahali pake.

Kabla ya kufunga kipengele hiki, Bw. Kizza aliomba kusema jambo. Alifungua kifungo cha shingoni. Alisema dukani kwake bado kuna maboksi mawili, na watu wanayaulizia.

"Sasa nauliza vizuri," alisema. "Siulizi kundi. Nauliza wewe, dada Nyakong. Mimi naomba ruhusa ya kuuza ile imebaki. Fungu yako iko. Unakubali ama hapana?"

Kufikia hapo hali ya kikao ilikuwa imechangamka, na Bi. Nyakong mwenyewe alikuwa amecheka zaidi ya mara moja. Bi. Sanyu alimnong'oneza Katibu kwamba atakubali. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kutabasamu.

Bi. Nyakong alisema, "Hapana."

Bw. Kizza aliendelea kusimama kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Sentensi ilikuwa imekwisha. Akasema, "Haya. Asante kwa kunijibu." Akaketi.

Mwenyekiti alibainisha kwamba azimio limetumika kwa mara ya kwanza, na limefanya kazi. Vikombe vilivyoko dukani na vilivyoko stoo kwa Bi. Sanyu vitakabidhiwa kwa Bi. Nyakong. Mwenyekiti aliuliza atavifanyia nini. Bi. Nyakong alimtazama. Mwenyekiti aliondoa swali.

KUMB. NA. 9/KKJ/06/2024: MENGINEYO

Bw. Both aliomba kurudishwa kundini. Alirudishwa hapo hapo na Katibu, na simu zote za uani zikalia kwa pamoja.

Kisha Bw. Both aliomba kusema jambo la mwisho. Mwenyekiti alimwambia azungumze kupitia kwa kiti. Bw. Both alisimama, akakipa kiti mgongo.

"Nyakong," alisema, "mara ya kwanza niliwauliza wazee, wazee wakauliza kwenu, wewe ukawa nyuma ya pazia. Leo naanza na wewe. Wakikubali kunisindikiza tena, nije?"

Mzee Lony alitaka tafsiri, akapewa. Alisema kwamba kwa mila yao mambo hayapangwi kwa mfuatano huo. Alifikiri kidogo. Kisha akasema, mwacheni aulize.

Bi. Nyakong alijibu. Jibu lake lilikuwa la sentensi moja na lilisikika mpaka kwa jirani.

Katibu alimuuliza Bi. Nyakong kama jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu hizi.

Bi. Nyakong alisema lisiandikwe.

Halikuandikwa.

KUMB. NA. 10/KKJ/06/2024: KUFUNGWA KWA KIKAO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno zaidi. Waliokuwa na neno walikuwa wakilisemea pembeni, wakicheka, na hawakumsikia. Alifunga kikao kwa sala fupi saa kumi na mbili kasoro robo jioni.

Zimesomwa mbele ya wote waliohudhuria, na kila mmoja ameulizwa kwa jina lake kama anakubali zihifadhiwe.

Matiya ……………………
MWENYEKITI
Tarehe ……………………

Chepkoech ……………………
KATIBU
Tarehe ……………………